Masta ya biashara ya Asia yenye intanshipu ya nje: soma barua yako vizuri kabla hujalipa ada

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu mmoja, sio wa kuzaliwa ila mama zetu walikua majirani Temeke kwahiyo tumekua kaka na dada hivyo hivyo, kanitumia barua mbili za udahili WhatsApp saa tano usiku. Moja inatoka chuo cha Uingereza, masta ya biashara ya Asia, mwaka mmoja, na pale juu wameandika kwa herufi nzito kwamba kozi ina mafunzo ya kazi nje ya nchi. Nyingine ni skolashipu ya serikali ya China, biashara ya kimataifa, miaka mitatu ukiweka na mwaka wa lugha. Swali lake lilikua moja tu, "kaka, ipi bora?" Nikamwambia nipe siku mbili nizisome. Nikazisoma, nikakuta neno intanshipu kwenye barua ya kwanza lina maana yake, kwenye ya pili lina maana nyingine kabisa, na hakuna hata moja inayofanana na ile niliyopitia mimi Japani. Kwa sababu naona vijana wengi wanauliza swali hilohilo, nimeona nieleze kwa urefu kidogo.

Kwanza hii masta yenyewe. Watu wakisikia biashara ya Asia wanawaza kwenda Yiwu, ule mji wa soko la jumla kule China, kuchukua mzigo na kuushusha Kariakoo. Kwa hilo huhitaji masta, yule mama anaeenda Guangzhou mara tatu nne kwa mwaka anatuzidi mimi na wewe na profesa wetu, anajua wakala gani mkweli, anajua kontena likichelewa bandarini litamla shilingi ngapi, FOB na CIF, yaani bei ya mzigo ukiishia melini na bei yenye nauli na bima ndani, kazijua kwa hasara zake mwenyewe. Masta inakufundisha kitu kingine, inakufundisha kwanini wenzetu wanaamua mambo jinsi wanavyoamua. Kwanini uchumi wa Korea Kusini umekaa mikononi mwa makundi ya kifamilia kama Samsung, Hyundai na LG, na jinsi serikali ya rais wao wa zamani Park Chung-hee ilivyoyakuza kwa mikopo nafuu yenye sharti la kuuza nje. Kwanini Shenzhen ilifanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980 na nini kilifuata. Kwanini Japani ina makampuni kama Mitsubishi, Mitsui, Itochu, Sumitomo na Marubeni ambayo siku moja yanauza ngano, siku hiyohiyo yana hisa kwenye mgodi na yanajenga mtambo wa umeme, wenyewe wanayaita sogo shosha. Unasoma RCEP, mkataba wa biashara huru wa nchi 15 za Asia na Pasifiki ulioanza kutumika Januari 2022, unasoma mfumo wa uzalishaji wa Toyota, unasoma guanxi ya Wachina, ambayo wengi wetu tukielezwa tunasema aah, kujuana, lakini ina deni ndani yake, ukisaidiwa leo unadaiwa kesho na wote wawili mnajua.

Hayo yote yapo vitabuni na unaweza kuyasoma ukiwa Mbezi. Usichoweza kukisoma ukiwa Mbezi ni ofisi yenyewe, na ndo maana nasema kwenye masta ya aina hii intanshipu ndo nyama, darasa ni mchuzi. Sasa tuingie humo.

Aina ya kwanza ni ile ya vyuo vya Ulaya, kama ya barua ya kwanza ya huyu dada. Masta ya Uingereza kwa kawaida ni mwaka mmoja, semista mbili za darasani alafu miezi ya kiangazi unaandika tasnifu, kwahiyo mafunzo ya kazi huwa yanabanwa humo kwenye kiangazi, ama yanachukua nafasi ya tasnifu ama yanaongezwa mwishoni na kozi inarefuka. Soma sentensi inayoyataja. Mara nyingi utakuta mwanafunzi "anaweza kupata fursa", na mtu anaeweza kupata anaweza pia kukosa. Kuna vyuo vina makampuni wanayofanya nayo kazi miaka yote na wanakupeleka mpaka mlangoni, na kuna vyuo wanakupa semina mbili za kuandika sivii alafu unaambiwa katafute mwenyewe, ukipata wataisaini karatasi. Vyote viwili kwenye tangazo vinaonekana sawa. Na ada ni ileile, kwa mwanafunzi wa kutoka nje inagonga pauni 25,000 na kuendelea bila shida, bado kula, bado kodi ya chumba.

Alafu kuna kitu ambacho sijawahi kuona tangazo limekiandika, nacho ni viza ya nchi ya tatu. Wewe una pasipoti ya Tanzania au Kenya, umepewa viza ya kusoma Uingereza, sasa kampuni imekukubali Osaka. Ile viza ya Uingereza haikufikishi Osaka. Inabidi uanze upya ubalozi wa Japani ulioko London, na kama intanshipu ina malipo Japani wanataka iwe sehemu ya masomo inayohesabiwa alama, kuwe na mkataba kati ya chuo na kampuni, isizidi mwaka mmoja wala nusu ya urefu wa kozi yako, na kampuni ikuombee cheti cha ustahiki kutoka uhamiaji wa kwao, ambacho kinaweza kula mwezi mmoja mpaka mitatu. Piga hesabu mwenyewe. Kozi imeanza Septemba, kiangazi ni Juni, ukimaliza kutafuta kampuni mwezi wa tano ushachelewa, yaani hata kama chuo na kampuni wote ni watu wema karatasi hazitawahi. Kwahiyo mtu mwenye pasipoti yetu anatakiwa awe ameshapata kampuni mwezi wa pili hivi, wakati wenzake darasani wenye pasipoti nyepesi bado wanajifikiria. Kwangu hili lina uzito kuliko nafasi ya chuo kwenye zile orodha za ubora wa dunia.

Aina ya pili ni ile ambayo intanshipu imejengwa ndani ya mpango tangu siku ya kwanza na kuna mtu ameajiriwa kuisimamia. Mfano ninaoujua kwa kuuishi ni ABE Initiative ya Japani. Waziri mkuu Shinzo Abe aliutangaza Juni 2013 kwenye mkutano wa tano wa TICAD, ule wa Japani na Afrika kuhusu maendeleo, kule Yokohama, ahadi ilikua vijana 1,000 wa Afrika ndani ya miaka mitano, wasome masta na wafanye kazi kwenye makampuni ya Kijapani, na kundi la kwanza likafika 2014. Unasimamiwa na JICA, shirika la misaada la Japani, ofisi zao zipo Dar na Nairobi, na matangazo yake yamekua yakitaka mtu mwenye digrii ya kwanza, umri kuanzia miaka 22 mpaka 39. Ukichaguliwa unaunganishwa na chuo chenye kozi kwa Kiingereza, vipo vingi, kuna Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Japani kule Niigata karibu na stesheni ya Urasa ambako theluji inapanda mpaka inaziba dirisha la chini, kuna APU (Ritsumeikan Asia Pacific University) kule Beppu, kuna taasisi ya kompyuta Kobe ambayo Waafrika wengi wamepita. Kipindi cha likizo unapelekwa kampuni kwa muda mfupi, na ukimaliza masta kuna nafasi ya intanshipu ndefu inayoweza kufika miezi sita. Utakuta kuna siku nzima ya maonyesho makampuni yanakuja kukaa mezani na wanafunzi wa Afrika, wewe unapita na sivii yako, na unaekutana nae kaja akijua unatoka wapi na kwanini upo pale.

Nikuonyeshe ilikuaje kwangu ili uone ninaposema nyama namaanisha nini. Kampuni yangu ilikua inauza magari yaliyotumika, ofisi ghorofa ya tatu, bandari ya Yokohama sio mbali. Wiki ya kwanza nikapewa karatasi za mnada. Kama umewahi kuagiza gari Japani umeiona, karatasi moja yenye mchoro wa gari limelala kama limekanyagwa, na juu ya mchoro kuna herufi ndogondogo: A1 ni mkwaruzo mdogo, U2 ni sehemu imebonyea kiasi, W ni pale palipopigwa rangi au kunyooshwa na jicho zuri linaona wimbi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Pembeni kuna daraja, 4, 3.5, au R ambayo maana yake gari hili limewahi kugongwa na kutengenezwa. Wateja wa Dar na Mombasa walikua wanaandika meseji saa nane usiku za Japani, "boss hii gari haijakula mzinga kweli?", na jibu lilikua pale pale kwenye karatasi ila limeandikwa kwa Kijapani, kwa mkono, na mtu mwenye haraka.

Nikapata wazo. Tutengeneze maelezo ya Kiswahili ya zile herufi, tuyaweke kwenye kila gari, mteja asome mwenyewe. Wiki ya tatu nikasimama kwenye kikao nikaeleza kwa slaidi kumi na mbili, nimejiandaa haswa. Kimya. Meneja akasema asante, tutalifikiria, wakaenda ajenda nyingine. Niliumia, nikaona wamenidharau. Jioni mwenzangu mmoja mkubwa kazini, wao wanamwita senpai, akanikuta kwenye mashine ya vinywaji akaniambia wazo zuri ila hukufanya nemawashi. Neno hilo linatoka kwenye bustani, ni ile kazi ya kuzungukia mizizi ya mti kidogokidogo kabla hujauhamisha ili usife. Maana yake wazo haliletwi kikaoni likiwa jipya. Unaenda kwanza meza kwa meza, kwa mtu wa mauzo, kwa yule wa nyaraka za forodha, kwa mzee anaeenda minadani, kila mmoja unamuuliza yeye analionaje, unarekebisha, alafu kikao kinakuja kuthibitisha tu. Pale ndo nikaelewa, na nikaelewa kwa Kiswahili, kwa sababu sisi posa tunafanya hivyohivyo. Hakuna mtu anaenda kukaa na wazee wa upande wa pili hajamtuma mshenga. Siku wazee wanakaa kila kitu kishajulikana, wamekuja kunywa chai na kusema ndio. Basi nikawa mshenga wa wazo langu mwenyewe, wiki mbili napita meza kwa meza na chupa ya kahawa, yule mzee wa minada akanisahihisha vitu vinne ambavyo nisingevijua maisha yangu yote, na kikao kilichofuata jambo langu halikumaliza dakika tano likapita.

Darasani nemawashi nilikua nimeisoma. Ilikua kwenye mtihani, nikaijibu vizuri nikapata alama, na bado nikasimama na slaidi kumi na mbili.

Sasa aina ya tatu, China, barua ya pili ya huyu dada. Hapa watu wanachanganya sana. Skolashipu ya serikali ya China ni kitu kizuri mno kifedha, ada hulipi, bweni hulipi, mwanafunzi wa masta anapewa yuan 3,000 kwa mwezi, unaomba kupitia ubalozi au kupitia chuo chenyewe, na kwa masta wanataka uwe chini ya miaka 35. Ila ule mpango unalipia masomo, kazi haimo ndani yake. Kama idara yako imeweka mafunzo ya kazi kwenye mtaala sawa, kama haijaweka basi usijipe tu moyo kwamba uko karibu na Yiwu utajichomeka. Sheria yao ya kuingia na kutoka nchini, inayotumika tangu 1 Julai 2013, inahesabu mwanafunzi anaefanya kazi nje ya alichoruhusiwa kama mfanyakazi haramu, faini yuan 5,000 mpaka 20,000 na ikiwa kosa kubwa unawekwa ndani siku 5 mpaka 15. Ile ya kusema namsaidia tu rafiki dukani, natafsiri tu kwa wateja wa Kiswahili, inaingia humo. Njia halali ipo, chuo kinakukubalia kwa maandishi alafu unaenda polisi wa uhamiaji wanaweka maneno kwenye kibali chako cha ukaazi kwamba unaruhusiwa kufanya mafunzo mahali fulani kwa muda fulani. Ni foleni na mihuri, lakini inawezekana, na wengi hawaifanyi kwa sababu hawajui kama ipo.

Na kuna faida moja ya China ambayo watu hawaisemi. Kawaida mgeni akitaka kibali cha kazi kule anadaiwa uzoefu wa miaka miwili, lakini tangu 2017 waliomaliza masta kwenye vyuo vya China wanaweza kuajiriwa bila huo uzoefu, ndani ya mwaka mmoja tangu kumaliza, mradi wastani wao usipungue 80 kwa 100. Kwahiyo kule alama za darasani zina kazi ya kweli, mtu mwenye 78 na mwenye 81 wanaweza kuwa na maisha tofauti kabisa, na hakuna anaekuambia hilo mwaka wa kwanza unapopiga uvivu kwenye somo la takwimu.

Lugha. Hapa ndo naomba unisikilize kuliko sehemu zote. Kozi ikiwa kwa Kiingereza haimaanishi ofisi ni ya Kiingereza. Wapo waliomaliza masta nzima Japani kwa Kiingereza safi, wakafika kampuni wakapewa kona na kompyuta waandike ripoti ya soko la Afrika ambayo sina hakika kama kuna mtu aliisoma, kwa sababu mazungumzo ya maana yanapita juu ya kichwa chako kwa Kijapani. Makampuni mengi ya kule yakitaja kiwango wanataka N2 kwenye JLPT, mtihani wa Kijapani unaoanzia N5 chini mpaka N1 juu, hiyo ni kanji, zile herufi zao zenye asili ya China, takriban 1,000, sio kitu cha kujifunza likizo moja. Lakini hata N4, hata kuweza kusema nimechelewa samahani na kuelewa unaombwa nini, inabadilisha mnavyokaa. Kule mtu mpya anafundishwa horenso, yaani toa ripoti, toa taarifa, omba ushauri, na neno hilo likitamkwa ni sawa na jina la spinachi, ndo maana halisahauliki, sasa wewe huwezi kumpelekea bosi hiyo spinachi kila siku kwa lugha ambayo anaitafsiri kichwani kwa tabu. Kwa China ni HSK, mtihani wa lugha yao, kozi za Kichina wanataka ngazi ya 4 au 5, na bahati yetu ni kwamba kuanza hapahapa nyumbani inawezekana, Taasisi ya Confucius ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilikua ya kwanza Afrika, 2005. Anza kabla hujapata barua.

Pesa nitasema moja tu. Ukipewa posho kwa hela ya nchi nyingine usiihesabu kwa dola ya siku uliyosoma tangazo. Skolashipu ya MEXT, wizara ya elimu ya Japani, kwa masta ni yeni 144,000 kwa mwezi. Dola moja ikiwa yeni 110 hiyo ni kama dola 1,300, na katikati ya 2024 dola ilipofika yeni 160 ikawa dola 900. Kama kula kwako ni kulekule haikuumi sana, ila kama ulishaahidi kumlipia mdogo wako ada ya shule huku nyumbani, ndo unaona tofauti.

Na kabla ya kuondoka pitia tume ya vyuo vikuu, TCU kwa Tanzania, au CUE kama uko Kenya, ujue chuo kinatambulika, maana ukirudi na cheti ndo utaambiwa kikatathminiwe na kama kuna tatizo litakukuta umeshamaliza miaka na pesa.

Kwahiyo huyu dada sikumjibu ipi bora. Nilimwambia aandike imeili kwa mratibu wa kozi ya Uingereza, fupi, maswali matatu. Darasa lililopita mlikua wangapi na wangapi walipata mafunzo ya kazi Asia kwenyewe, sio ofisi ya Manchester yenye bosi Mchina. Nani anatafuta kampuni, chuo au mwanafunzi. Na mwanafunzi mwenye pasipoti ya Tanzania nani anamsaidia viza ya nchi ya tatu na nani anailipia. Walimjibu siku ya nne, kwa heshima kabisa, la pili walilijibu vizuri, mwanafunzi ndo anatafuta, la tatu wakampa linki ya ubalozi, la kwanza hawakuligusa. Akaandika tena kuliuliza hilo moja. Mpaka naandika hii hajapata jibu, na juzi kanitumia picha ya daftari lake, kurasa mbili nzima kaandika tarakimu za Kichina kutoka moja mpaka mia, saba zake zote zimepinda upande mmoja.